Kioo cha Taa Kwenye Maganda ya Ndizi

Nina pua mbaya, nilizaliwa nayo. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba mimi nasikia harufu ya samaki wa jana toka nyumba ya tatu. Wageni walicheka, na mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu mwenye pua kama hii hapaswi kukulia Kadutu, kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba, ambapo maji machafu ya jirani wa juu yanakuamkia kabla hujanawa uso. Lakini ndiko nilikokulia, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre, na kazi yangu nyumbani, mimi binti mkubwa, ilikuwa takataka.

Wacha niseme wazi takataka yenyewe ilikuwaje, maana watu wakikumbuka utoto wao hukumbuka harufu ya mkate. Yetu ilikuwa maganda ya ndizi yaliyogeuka meusi, mabua ya sombe, majani ya muhogo, yaliyoanza kutoa ute, matumbo ya samaki wa ziwani, na majivu yaliyolowa mchuzi. Vyote vilikaa kwenye ndoo ya zamani ya rangi kando ya jiko. Ukiinua kifuniko, nzi walikupiga usoni kama umewatukana. Aksh! Hata sasa, nikiandika, nimefunga mdomo.

Na haikutosha kutupa. Ilibidi kutenga. Hiyo ilikuwa amri ya koko, mama yake mama, mjane aliyekaa Nyantende, nje kidogo ya mji. Kinachooza kiingie kwenye ndoo. Makopo yawekwe kwenye karatoni, yamngoje fundi wa kutengeneza vibatari na vikwangulio. Vioo, nyembe na mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha moto vitupwe kwenye shimo refu nyuma ya choo. Kila Jumatano koko alishuka sokoni na kitunga cha ndizi, akauza, kisha akapita kwetu na kujaza kitunga kile kile maganda yetu, akapanda nayo Nyantende. Nilimsindikiza mpaka barabara kubwa nikitembea mbali kidogo, ili watu wasijue kwamba ule uozo unaodondosha maji mgongoni kwake una ujamaa na mimi. Wenzangu wa shule walijua. Walishika pua nikipita.

"Koko, kwa nini unabeba hii bichafu?" nilimuuliza siku moja.

"Bichafu njo nini? Mugomba inakula kile nyumba inaacha."

Kwetu Wabashi ni hivyo toka zamani. Migomba inaizunguka nyumba, na kila kinachofagiliwa ndani kinatupwa miguuni pake: majivu, maganda, samadi ya mbuzi, hata maji ya kuoshea sahani. Mgomba ulio karibu na mlango ndio mnene kuliko yote. Koko alikuwa peke yake, na nyumba ya mtu mmoja inaacha kidogo, kwa hiyo migomba yake ya chini ilikuwa imeanza kukonda. Na migomba ile ilikuwa kila kitu kwake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu babu, alikuwa na wimbo mmoja tu: shamba ni la mwanamke maadamu analilima, siku jembe lake likilala, linarudi kwa ukoo wa mume. Alikuwa akipita mara kwa mara kuona kama jembe limelala. Mzee yule alinichukiza kuliko ndoo.

Jumamosi ilikuwa salongo. Nchi nzima ilitoka kufanya kazi ya lazima ya kusafisha, utake usitake. Kwenye avenyi yetu, barabara ya mtaa, shefu wa mtaa alisimama na koti lake la abakosti, vifungo mpaka shingoni, filimbi mdomoni, na sisi tukashika majembe. Unajua tulisafisha namna gani? Kamyo, lori la mji la kuzoa taka, ilikuwa imeacha kupita siku nyingi, na kwenye kona ya chini palikuwa na mlima wa takataka wenye mbwa wake na kunguru wake. Basi tuliukwangua ule mlima tukausukuma kwenye korongo, tukiimba. Watu wa chini walisukuma kwa walio chini zaidi, na wa mwisho wakalisukumia ziwa. Jumatatu mvua ikanyesha, uvundo ukapanda, na Jumamosi iliyofuata mlima ulikuwa umerudi mahali pake. Huo ndio uliitwa usafi. Watu wazima, wenye akili zao, wakiimba.

Jumamosi moja koko alikuwa amelala kwetu. Alitoka nje, akaangalia, akavumilia kidogo, kisha akashindwa.

"Shefu," akasema, "munatupa chakula."

"Chakula ya nani, maman?"

"Ya migomba. Mutupe sisi. Wanawake ya Nyantende watakuja kubeba, kila Jumatano. Kila nyumba iweke kando kile kinaoza, kinaoza tu, basi."

Shefu alicheka, halafu akaacha kucheka. Wakubwa walikuwa wanatazamiwa kutembelea mtaa, na hapa alikuwa anaahidiwa kona safi bila yeye kufanya kitu. "Na wasipokuja, ni nani atajibu?"

"Nitajibu mie," koko akasema.

Na walikuja. Wanawake wa kikundi cha parokia, kila mmoja na nyumba zake nne au tano, vitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Koko akachukua nyumba yetu na majirani wetu wa karibu. Jumatano ya kwanza watu walitoka milangoni kuwatazama kama sinema. Jumatano ya tatu kwenye kona ya chini ulionekana udongo. Udongo! Mimi sikuwahi kujua kwamba chini ya ule mlima kulikuwa na ardhi. Mbwa walihama. Shefu alianza kusema "ule mpango wangu", na koko akamwacha aseme.

Nilidhani watu watashukuru. Akipewa shubiri, mtu huchukua pima. Mwanzoni walitenga vizuri, kwa aibu tu ya kuonwa. Kisha aibu ikachakaa. Matambara ya mtoto aliyeharisha yakaingia chini ya maganda. Panya aliyekufa akafunikwa na majani ya sombe. Mawe ya redio, chupa iliyopasuka, wembe. "Itaoza tu," walisema, na "kwani wao wa kijijini watajua?" Mama yangu aliwasema mbele ya bomba la maji. Jirani wa juu akamjibu kwamba mwenye kuomba uchafu hachagui uchafu. Nilitamani kumtemea mate.

Na wale wanawake hawakuchunguza. Hapo ndipo penye kosa lao, na ni kosa ambalo watu wetu tu wangelifanya. Kwao takataka ya nyumba haikuwahi kuwa na meno. Mama zao na bibi zao waliimwaga miguuni mwa migomba, wakaitawanya kwa mikono, wakaikanyaga peku ili ishike udongo. Takataka ni takataka, nyumba ni nyumba. Nani angewaambia kwamba nyumba ya mjini inaacha vitu vinavyouma?

Sasa nifike kwangu.

Tulikuwa na taa ya kioo, zawadi ya koko siku mama alipoolewa. Kioo chake kilikuwa kimepata ufa chini, na kwa kuwa dukani vioo vya taa vilikuwa vimepotea kama vitu vingine vyote, papa, baba yangu, alikuwa amekifunga kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko mitatu, kazi nadhifu sana. Jumanne moja jioni, jua bado liko, nilikuwa nakisafisha kwa majivu na gazeti. Nilikuwa nimekwisha oga na kuvaa gauni jeupe la mazoezi ya kwaya. Kioo kikateleza. Mama alinifokea mpaka majirani wakajua, kisha akasema: "Okota yote, kipande kwa kipande, peleka ku shimo nyuma ya choo. Usiache hata moja."

Niliokota yote, hiyo ni kweli. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikiwa nimeshika vile vipande kwenye gazeti. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na choo kilikuwa kimejaa na kufurika. Kile kilichotoka kilikuwa kimetengeneza ziwa dogo mpaka ukingoni mwa shimo, la rangi ya kijivu, na juu yake vitu vyeupe vilikuwa vinatembea. Vilikuwa vingi mno. Ili kufika kwenye shimo ilibidi kukanyaga mle. Nilisimama. Niliangalia viatu vyangu, niliangalia gauni.

Nikarudi. Ndoo ya maganda ilikuwa pale kando ya jiko. Nilisukuma gazeti na vioo vyake chini kabisa, nikafunika na maganda, nikaenda kwaya. Tuliimba vizuri.

Jumatano koko akaja, akamimina ndoo yetu kwenye kitunga chake, akanishika shavu kwa mkono wake unaonuka ndizi mbichi, akaenda. Nilijiambia kwamba gazeti limevifunga. Gazeti lililolowa maji ya maganda usiku mzima!

Jumatano iliyofuata hakuja. Alikuja mwanamke mwingine wa kikundi, akamwambia mama mlangoni: "Mama yako amekatwa na kitu ku muguu ndani ya migomba. Muguu imevimba."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika Nyantende kabla yangu.

Tulipanda kesho yake asubuhi, mama na mimi. Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango, mguu juu ya gogo, umefungwa majani na kitambaa. Mama akafungua. Nisikilizeni, nimesema nina pua mbaya. Ile harufu haikuwa ya ndoo, wala ya choo. Ilikuwa tamu. Unyayo ulikuwa umepasuka toka katikati mpaka kisigino, kingo zimegeuka kijani, na ndani kulikuwa na kitu kinachong'aa. Nilikimbia nyuma ya migomba nikatapika mpaka nyongo. Na pale nilipoinama, kwenye udongo, niliona matambara, jiwe la redio limevimba na kutoa maji meupe, kipande cha chupa, kitana cha plastiki. Migomba ya koko, mizuri, imesimama kwenye jalala la Kadutu.

Muganga wa dispensari ya parokia alisema mguu utapona kama utaoshwa kila siku kwa maji ya chumvi ya moto, uoshwe mpaka ndani, bila kuonea huruma. Kama sivyo, watamshusha mjini wakaukate. Shemeji yake alikuwa amesimama pale pale akisikiliza. Hakumtazama koko usoni hata mara moja. Alitazama mguu.

"Ni nani amefanya hii?" mama aliuliza, analia. "Ni nyumba gani?"

Koko aliangalia migomba. "Kadutu iko kubwa," akasema. "Ile siku nilibeba za nyumba mingi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mate machungu mdomoni, na nilinyamaza.

Lakini wanawake wa kikundi hawakunyamaza. Waliingia mashambani mwao wakakusanya kila kisicho chakula cha mgomba, na Jumatano wakashuka nacho Kadutu. Hawakuimba. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, wamejaza vitunga kama walivyozoea kupanda navyo, na kila mmoja akaenda kwenye nyumba zake zile zile. Akasimama mlangoni, akafungua kamba, akamimina.

Sijaona tena haki ya namna hiyo. Mbele ya jirani wa juu yakamwagika matambara ya mtoto, yamekauka na kushikana, na panya wake amebaki ngozi na meno. Mbele ya nyumba ya mwalimu, mawe ya redio na nyembe. Watu walitoka wakipiga kelele, wameshika pua. Sasa walikuwa na pua! Shefu akaja mbio na filimbi yake, akituita wananchi kwa Kifaransa chake. "Basitwayeni! Basitwayeni! Hii ni nini?" Mwanamke mmoja mfupi, mzee, akampita bila kumjibu, akaenda mpaka mlangoni pake, akamwaga chupa za bia zilizovunjika. "Shefu," akasema, "hii iko ya kwako. Tumekurudishia."

Halafu wakafika kwetu.

Mama alikuwa amesimama kizingitini, mimi nyuma yake nimeshika kikwembe chake, kitenge alichojifunga. Kiongozi wao alisimama mbele yetu, akakipindua kitunga chake juu chini ili wote waone kwamba ni kitupu.

"Hapa wako safi," akasema kwa sauti ya avenyi nzima. "Muzee wetu ametuapia. Nyumba ya mutoto yake haichanganye."

Na wakatupigia makofi. Wanawake wale, miguu yao peku, wengine na vidonda vyao wenyewe vimefungwa vitambaa, walitupigia makofi. Mama alijinyoosha akawa mrefu. Akanivuta mbele ili na mimi nionekane. "Huyu njo anatenga," akasema. Niliona avenyi yote inaniangalia, na nilijisikia nikinuka. Msinicheke, nilinuka kweli, kama ule unyayo.

Baada ya siku ile hakuna aliyekuja tena kubeba, na kona ya chini ikaanza kuota mlima wake upya. Mimi shule ilipofunga nilipelekwa Nyantende kumsaidia koko. Mama aliona ni heshima. "Weye unajua usafi," aliniambia.

Nililima. Hilo nilifanya. Kila asubuhi niliamka nikashika jembe lake, kwa sababu shemeji alikuwa anapita njiani akikohoa. Alisimama kwenye ua, akauangalia mguu, akayaangalia magugu, akaenda. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, na sikulalamika. Lakini mguu sikuuosha. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaweka beseni miguuni pake, kisha nikakumbuka kuni, au mbuzi, au maji mtoni. Jirani yake mmoja alikuja kuosha alipopata nafasi. Siku nyingine hakupata nafasi. Koko alijaribu mwenyewe, lakini mgongo wake haukuinama kufika unyayoni. Na harufu ile tamu ilikuwa inarudi.

Asubuhi moja jirani alikosa tena nafasi ya kuja. Niliweka beseni nikageuka kwenda.

"Kaa chini," koko akasema.

Nikakaa. Aliingiza mkono chini ya mkeka, akatoa kitu kimefungwa ndani ya jani la mgomba lililokauka. Akakifungua kwenye paja lake. Kilikuwa kipande cha kioo chembamba, kimepinda, upande mmoja una moshi ambao sikuwahi kuumaliza. Na chini yake, mizunguko mitatu, waya mwembamba wa shaba.

Niligusa ule waya kwa kidole.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ile waya niliiona wakati papa yako anaifunga. Nilikaa hapa, nilishika muguu, nilisema: kumbe taa yangu."

"Koko, choo kilikuwa kimejaa. Shimo lilikuwa..." Nilianza kulia. "Niliona kinyaa."

"Najua. Weye njo vile uko."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangemwaga ku mulango ya mama yako." Alikifunga kioo ndani ya jani lake, pole pole. "Nimeapa mbele ya wanawake yote ya parokia. Na sina desturi ya kuapa bongo, kuapa uongo. Mimi muzee, nimeapa bongo." Nje, njiani, mtu alikohoa. Koko hakugeuza kichwa. "Sasa kinyaa yako imekwisha kunikata mara moja. Mara ya pili siko na muguu ingine."

Akanyoosha mguu juu ya magoti yangu.

Nilifungua kitambaa. Kilikuwa kimeshikana na nyama, na ilinibidi kukivuta. Maji yalikuwa ya moto. Niliingiza vidole ndani kabisa, kama muganga alivyosema, na kilichotoka kikanitiririkia mikononi, mpaka kwenye viwiko, kikalowesha gauni langu. Shemeji alikuwa amesimama kwenye ua, anatazama. Sikufunga mdomo, wala sikugeuza uso. Nilivuta ile harufu yote ndani ya hii pua mbaya, nikaosha.